Plani za undani ni mzigo wa nani?

Maneno ya komite ya ujenzi, yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama



Leo hatukuja kuomba mchango mpya. Tumekuja juu ya mstari mmoja tu katika devi ya jengo letu. Uko mwisho kabisa, chini ya rangi na vitasa vya milango: "plani za undani na ufuatiliaji wa injenieri". Tangu devi ianze kupita mikononi mwa wanachama, mstari huo ndio umesemwa kuliko yote. Wengine wameuliza kwa upole, wengine kwa ukali: kwa nini tulipe mtu achore tena, wakati plani tunayo? Iko na kashe, iko na sahihi. Makuta hayo si yangenunua simenti? Na kati ya wafadhili wetu wako walioandika kwamba wangependa pesa yao iingie kwenye matofali, isiishie kwenye karatasi.

Ni ulizo la haki, na mkutano huu ndio utakaolipigia kura. Sisi wa komite tunaomba mstari ubaki. Tupeni nafasi tuseme sababu.

Mnajua jengo lenyewe. Kiwanja chetu ni kidogo, ndiyo maana tulikubaliana kupanda juu: chini depo ya mahindi, mihogo na samaki wakavu, juu ukumbi wa metre 12 kwa 8, na mbele yake veranda iliyotoka nje bila nguzo. Kule kambini, Lugufu au Nyarugusu, kila mtu alijenga kwa mikono yake, kwa tofali za udongo, na hakuna aliyemwuliza mwenzake plani. Nyumba ile ikichoka inaonyesha ufa, nawe unatoa mikeka na sufuria unahama. Dale ya betoni yenye watu juu yake haimngoji mtu atoe sufuria.

Plani tuliyo nayo ni nzuri, hatuisemi vibaya. Inaonyesha kuta ziko wapi, milango inafungukia upande gani, nguzo ni ngapi, potre ni nene kiasi gani. Lakini haisemi chuma cha potre kinaingiaje ndani ya nguzo, kinapinda wapi, na pale chuma kimoja kinapoisha na kingine kinapoanza vinapishana santimetre ngapi. Hiyo ndiyo plani ya undani: inaonyesha mahali kitu kimoja kinaposhika kingine. Na nyumba nyingi zikianguka, zinaanza kuachana hapo hapo.

Chukueni veranda. Potre ya kawaida imelala juu ya nguzo mbili. Uzito unaisukuma katikati, tumbo lake linavutika, basi chuma kikubwa kinakaa chini. Veranda isiyo na nguzo mbele ni kinyume chake. Inataka kuinama kwa mbele kama tawi lenye maembe, na mgongo wake ndio unaovutika. Kwa hiyo chuma chake kikubwa lazima kikae juu, tena kirudi nyuma ndani ya dale vya kutosha. Sasa masoni aliyejenga nyumba ishirini za chini amezoea kulaza chuma chini, na mkono wake utafanya ulichozoea. Hata akikiweka juu, siku ya kumwaga betoni vijana wa karai wanakikanyaga na kinashuka. Betoni ikishafunika, veranda nzima na veranda ya kuua zinafanana kabisa. Utazijua tofauti siku ya ndoa, wakati wageni wote wametoka nje kumtazama bibi arusi.

Ngazi nayo iko na hila yake, pale inapofika juu na kupinda ikutane na sakafu. Chuma cha chini kikifuata ule mkunjo kwa ndani, siku kinapovutwa kinataka kunyooka, na kikinyooka kinabandua betoni iliyokifunika. Dawa yake ni vyuma viwili vinavyopishana, kila kimoja kikiendelea moja kwa moja mpaka upande wa pili wa unene. Kwenye karatasi ni mistari miwili midogo. Fundi, hata awe hodari namna gani, hawezi kuiota usiku.

Na uzito? Katika kanuni za Ulaya, sakafu ya nyumba ya kuishi inahesabiwa kubeba karibu kilo 200 kwa kila metre ya mraba. Sakafu ya mahali watu wanaposongamana na kucheza inafika kilo 500. Ukumbi wetu una metre za mraba 96. Pigeni hesabu: ni tani 48, mbali na uzito wa betoni yenyewe. Na sisi tunajijua. Siku ya matanga hakuna anayebaki chini.

Tena tunakaa kwenye bonde la Tanganyika, ardhi isiyolala. Wale waliorudi kwa mashua kutoka Kigoma mwishoni mwa 2005 hawakuwa wamemaliza hata kufungua mizigo, tarehe 5 Desemba ziwa likatikiswa na tetemeko la kipimo cha 6.8. Tarehe 3 Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu na Rusizi. Tetemeko halitafuti ukuta mnene. Linatafuta kona ambayo vyuma vyake havikufungana.

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, Marekani, katika mji wa Kansas City. Juu ya nini huko, wakati tuna mifano karibu? Kwa sababu huko hakuna anayeweza kusema "ni umaskini". Makuta yalikuwepo, chuma kilikuwepo, mainjenieri wenye leseni walikuwepo. Na baadaye jambo lilichunguzwa mpaka nati ya mwisho.

Hoteli ya Hyatt Regency ilifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake mkubwa kulikuwa na madaraja ya watu kupita, yakining'inia hewani kwa fimbo za chuma kutoka kwenye paa, kila moja la urefu wa metre 37 hivi. Daraja la ghorofa ya pili lilining'inia chini ya lile la ghorofa ya nne. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981 kulikuwa na muziki na dansi, ukumbi umejaa, wengine wamesimama juu ya madaraja wakitazama wanaocheza. Daraja la juu likaachia, likaangukia la chini, yote mawili yakawaangukia watu. Walikufa 114. Walioumia walipita 200.

Ilikuwaje? Injenieri alikuwa amechora fimbo moja ndefu, kutoka paani, inapita kwenye daraja la juu na kuendelea mpaka la chini. Kila daraja linakaa juu ya nati yake kwenye fimbo ile ile. Kwa kiwanda cha chuma hiyo ilikuwa taabu, maana ili nati ya daraja la juu ifike mahali pake, fimbo ingebidi ichongwe meno ya skrubu kwa urefu mkubwa mno. Basi ikabadilishwa. Fimbo moja ikawa mbili: ya kwanza inatoka paani na kuishia kwenye daraja la juu, ya pili inaanzia kwenye daraja la juu hilo na kushuka kushika la chini. Ukitazama haraka plani utasema ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja, wamama mtaelewa upesi kuliko sisi. Tundika mikungu miwili ya ndizi kwa kamba moja kutoka kwenye boriti, kila mkungu umefungwa kwenye kamba yenyewe. Kamba inabeba miwili, lakini kila kikonyo kinabeba mkungu wake tu. Sasa fungua mkungu wa chini, ukaufunge kwenye kikonyo cha mkungu wa juu. Kamba ya juu haijui tofauti. Kikonyo cha juu ndicho kinachojua, maana sasa kinabeba mikungu miwili. Pale Kansas City kikonyo kilikuwa ile nati chini ya daraja la ghorofa ya nne, na sanduku la chuma ambalo nati ililishika. Sanduku likafunguka, nati ikapenya.

Ofisi ya serikali ya Marekani inayohusika na vipimo ilichunguza, ikakuta jambo baya zaidi. Hata ile fimbo moja ya kwanza, kiungo chake kingebeba asilimia 60 tu ya kile ambacho kanuni ya mji ilidai. Baada ya kubadilishwa, ikabaki karibu nusu ya hapo. Maana yake kiungo hicho hakikuhesabiwa sawasawa na mtu yeyote, si mara ya kwanza, si mara ya pili.

Na plani za kiwanda zilipita ofisini kwa mainjenieri zikarudi na kashe! Sikilizeni sasa watu walivyojibu. Mainjenieri walisema: kwa desturi ya kazi hii, kiwanda ndicho kinachopanga viungo, sisi tunatazama kwa jumla tu. Kiwanda kikasema: sisi tunachora tulichopewa, hesabu si yetu. Kiwanda kikaongeza kwamba kiliomba ruhusa ya kubadilisha kwa simu, kikakubaliwa. Mainjenieri wakasema simu hiyo hawaijui. Watu 114 wamezikwa, na wakubwa wanabishana juu ya simu.

Mwishowe hakuna aliyefungwa. Lakini jimbo la Missouri liliwanyang'anya leseni mainjenieri wawili, Jack Gillum ambaye kashe ilikuwa yake, na Daniel Duncan aliyeiongoza kazi hiyo. Neno la hukumu, kwa lugha yetu, ni hili: mwenye kashe anaweza kumpa mtu mwingine kazi ya kuchora, lakini kujibu kwa ajili ya mchoro hawezi kumpa mtu. Gillum mwenyewe, miaka mingi baadaye, alikuwa anasimama mbele ya mainjenieri wenzake kuwasimulia habari hiyo. Tunamheshimu kwa hilo.

Kuna kipande kimoja tena, na hapa wafadhili wetu tunaomba mtege sikio. Wakati wa ujenzi, Oktoba 1979, sehemu ya paa la ukumbi huo huo ilianguka. Ilikuwa onyo. Mainjenieri walieleza baadaye kwamba waliomba zaidi ya mara moja wawe na mtu wao wa kudumu shantie, na wakakataliwa kwa sababu ya gharama. Mshahara wa mtu mmoja ndio uliokatwa kwenye devi, kwa hoteli ya mamilioni ya dola.

Turudi kwetu. Hapa hatuna kiwanda cha chuma. Tuna kapita, tuna masoni, tuna fundi wa vyuma anayekunja etrie kwenye ubao wenye misumari. Lakini ule mwanya tunao, tena mpana kuliko wa Kansas City. Wajenzi watatu walituletea devi. Tuliwauliza wote ulizo moja: plani za vyuma za veranda na ngazi atazichora nani? Wa kwanza alisema ni kazi ya arshitekti. Wa pili alisema, maneno yake mwenyewe, "Mambo ya vyuma tutaona pale pale shantie, tumezoea." Wa tatu alinyamaza, halafu akasema anaweza kuzichora lakini ataongeza bei. Tulirudi kwa arshitekti aliyechora plani yetu. Alijibu kwa adabu kwamba yeye alilipwa kwa plani ya jumla, na undani ni wa mjenzi. Hatumlaumu, mapatano yake yanasema hivyo kweli. Lakini mmeona: watu wanne, na veranda haina baba.

Wengine wanasema, kama jengo likileta shida, sheria ipo. Ni kweli ipo. Kitabu cha tatu cha Code civil yetu, kinachotoka kwenye amri ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ana deni la kuitengeneza. Ufaransa na Ubelgiji wanafika mbali zaidi, wanambana arshitekti na mjenzi kwa miaka 10 baada ya jengo kupokelewa. Lakini mbele ya hakimu utaulizwa: kosa la nani? Onyesha karatasi. Na kama kila mmoja amesema kwa mdomo "tutaona shantie", mtaonyesha karatasi gani? Tena sheria inalipa hasara, haifufui.

Kwa hiyo komite inapendekeza hivi. Mapatano na mjenzi yatataja jina la injenieri mmoja, huyo huyo atakayehesabu ndiye atakayetoa plani za undani: msingi, vichwa vya nguzo, veranda, ngazi, na namna mbao za paa zinavyofungwa kwenye shenaje ili upepo wa ziwa usizibebe. Mjenzi akitaka kuchora kipande mwenyewe kwa sababu kinamrahisishia kazi, ruhusa. Lakini kirudi kwa injenieri huyo, akihesabu, akiandikie tarehe na sahihi. Kashe ya "nimeona" hatuikubali. Tunataka "nimehesabu".

Na mabadiliko ya kwa simu, hapana. Tunajua jinsi inavyokuwa: chuma cha milimetre 12 kimekwisha dukani Baraka, lori la Uvira limekwama njiani, mjenzi anapiga simu, "Tuweke cha 10?", na mtu yuko kwenye mazishi anajibu "sawa". Chuma cha 10 si cha 12 kilichopungua kidogo. Nguvu yake inashuka kwa karibu theluthi moja. Hilo linahesabika kwa kuzidisha tu, 10 kwa 10 ni 100, 12 kwa 12 ni 144. Pengine injenieri atasema wekeni cha 10 lakini viwe vitatu badala ya viwili. Sawa, aandike. Kutakuwa na daftari moja shantie, litakaa ndani ya sanduku la kufuli, na kisichoandikwa humo hakikubaliwi na komite wala hakilipwi.

Kabla ya kila kumwaga betoni, injenieri atakuja atazame vyuma vikiwa wazi. Atapima kupishana, kanuni ya fundi mzoefu ni mara 50 ya unene wa chuma, yaani cha milimetre 12 kinapishana na mwenzake santimetre 60. Atatazama kama ncha za etrie zimekunjwa kuingia ndani, siyo kuachwa kwenye kona zikiwa wazi kama mdomo wa ndege. Na vijana wetu watapiga picha kwa telefone, na metre ya kupimia ionekane kwenye picha. Picha hizo tutawatumia wafadhili pamoja na hesabu za pesa. Mliotuambia mngependa pesa yenu ionekane kwenye jengo, hii ndiyo nafasi pekee mtakayopata ya kuona kile mlichonunua. Kesho yake kimefunikwa.

Tumesikia pia neno la wazee wawili, kwamba kumleta injenieri ni kuwadharau mafundi wetu. Hapana, wazee. Masoni tulio nao ni wale waliojenga makanisa na shule tuliporudi, wakati hakukuwa na chochote. Tuliwauliza wenyewe. Mmoja alitujibu kwamba kitu kinachomnyima usingizi si kazi, ni kuambiwa "fanya tu unavyojua" na mtu ambaye kesho atasema "wewe ndiye uliyefanya". Plani ya undani inamlinda masoni kwanza, kabla ya kutulinda sisi.

Na chama nacho kina mzigo wake, tusiukwepe. Mwenye jengo ndiye anayechagua kulipa au kutolipa. Tukifuta mstari ule leo, hakuna injenieri atakayekuja kwa upendo, na mjenzi atafanya kama alivyozoea. Siku hiyo tutakuwa tumechagua sisi, kwa mikono iliyoinuliwa, na majina yetu yako kwenye daftari la mkutano.

Kama mkutano unaona pesa ni nyingi, komite iko na njia nyingine mkononi. Tuondoe ile veranda, depo ibaki, ukumbi ushuke chini kwenye usawa wa ardhi na mabati juu yake. Jengo litakuwa dogo zaidi, na depo itabidi ipunguzwe nusu ili vyote viwili vienee kwenye kiwanja, lakini plani zake za undani zitakuwa chache na bei itashuka. Hilo tunaweza kulikubali. Tusichoweza kukikubali ni kubakiza ghorofa na kufuta injenieri.

Plani ya jumla imetandikwa juu ya meza ile karibu na mlango, na tumezungushia kalamu nyekundu kila mahali ambapo undani haujachorwa. Alama ni 11. Pitieni kuitazama kabla ya kura, hasa wale ambao watakuwa wa kwanza kupanda ngazi hiyo. Sekretere ataita majina baada ya chakula.